Taa ya korido ya Mama

Nyumba yetu ya Ujiji, Kigoma, ni ya Kiswahili kamili. Barazani mbele, mlango wa mbao wa mabawa mawili, kisha korido ndefu yenye vyumba vitatu kila upande, na mwisho wake mlango wa uani. Nimepima korido hiyo kwa futi yangu ya useremala: mita 12 kasoro kidogo. Kwa miaka mingi taa zake tatu ziliwashwa na swichi moja tu, pale pembeni mwa mlango wa mbele. Aliyezipanga alimfikiria mgeni anayeingia, hakumfikiria mtu anayelala ndani.

Mama analala chumba cha kati, upande wa kushoto. Kila usiku huamka kabla ya adhana ya alfajiri, huenda uani kutawadha, kisha hurudi kuswali. Ili apate mwanga ilimbidi aende kwanza mbele, awashe, ageuke, aipite tena milango yote hadi uani, akirudi aende tena mbele kuzima. Mara nyingi hakujisumbua. Alipapasa ukuta. Au taa ziliachwa ziwake hadi asubuhi, na enzi hizo tulikuwa na balbu za nyuzi za wati 100. Balbu moja ya namna hiyo ikiwaka kwa saa kumi inakula uniti nzima ya Luku, ile mita ya kulipia kabla, na zetu zilikuwa tatu.

Usiku mmoja mjukuu aliacha ndoo ya maji katikati ya korido. Mama akaikanyaga gizani, akaanguka, akateguka kifundo cha mkono wa kulia. Nilipofika kutoka mtaa wa Mwanga asubuhi nilimkuta amekaa kwenye mkeka, mkono umefungwa kitambaa, ananiambia, "Si kitu, mwanangu, ni giza tu." Maneno hayo yalinikaa moyoni. Mimi natengeneza milango na vitanda vya watu, na mama yangu anatembea kwa kupapasa ndani ya nyumba yake.

Wiki ile ile nikaita fundi umeme, kijana mchangamfu aliyefanya kazi nyingi mtaani. Nikamwambia nataka taa za korido ziwashwe na kuzimwa mbele na nyuma. Akasema hilo ni jambo dogo, ni swichi mbili za tuwei, zile za kuwashia taa moja sehemu mbili. Akanunua roli la waya mwekundu wa milimita za mraba moja na nusu, akapanda darini, na kufikia jioni swichi ya pili ilikuwa ukutani karibu na mlango wa uani. Akaziwasha mbele, zikawaka. Akazizima nyuma, zikazimika. Nikamlipa, tukaagana kwa heri.

Siku ya pili Mama akaniambia swichi ya nyuma haifanyi kazi. Nikaijaribu, ikafanya. Jioni dada akasema ya mbele ndiyo mbovu. Nikaijaribu, nayo ikafanya. Tuliishi hivyo karibu miezi minne, kila mtu akilalamikia swichi yake, na mimi nikiamini ni ubovu wa vifaa vya bei rahisi. Nikabadilisha swichi zote mbili kwa kufuata waya ulivyokaa kwenye zile za zamani. Hali ikabaki ile ile.

Aliyetutoa gizani ni mzee mmoja jirani, fundi umeme aliyefanya kazi reli hadi kustaafu. Alikuja kumjulia hali Mama, akasikia malalamiko yetu, akasimama koridoni na kuuliza swali moja: "Ikizimwa huku, kule inawaka?" Tukajaribu mbele yake. Ikizimwa mbele, nyuma haiwaki hata ukibofya mara kumi. Ikizimwa nyuma, mbele haiwaki. Akasema, "Basi hapa kila mmoja ana uwezo wa kuzima, ila hakuna mwenye uwezo wa kuwasha bila mwenzake. Waya wa COM umehama."

Nieleze hapa kama alivyonieleza yeye, maana ndicho kiini cha jambo lote. Swichi ya kawaida ina matundu mawili: moto, yaani umeme, unaingia, moto unatoka. Swichi ya tuwei ina matatu. Moja limeandikwa COM, wengine huandika C au L tupu, na mawili ni L1 na L2. Ukibofya, COM inaachia L1 na kushika L2, ukibofya tena inarudi. Haina mahali pa kukata. Siku zote imemshika mmoja kati ya wale wawili. Sasa chukua mbili. Moto kutoka kwenye mein, swichi kuu ya nyumba, unaingia COM ya swichi ya kwanza. Nyaya mbili zinaunganisha L1 kwa L1 na L2 kwa L2. COM ya swichi ya pili ndiyo inayokwenda kwenye taa. Zile nyaya mbili za katikati Mzee aliziita nyaya za kupokezana. Swichi zote zikishika waya mmoja, njia imetimia na taa inawaka. Zikishika nyaya tofauti, njia imekatika. Ndiyo maana popote ulipo, ukibofya mara moja hali inabadilika.

Yule kijana alikosea tundu moja tu. Kwenye swichi ya nyuma aliuweka waya wa taa kwenye L1, na mmoja wa nyaya za kupokezana akauweka kwenye COM. Kwa kuwa nyaya zote zilikuwa nyekundu, kutoka roli lile lile, hakuwa na namna ya kujua upi ni upi isipokuwa kwa kubahatisha. Na alipojaribu siku ile alijaribu kuwasha mbele na kuzima nyuma, basi. Hakuzima mbele akawasha nyuma. Majaribio ya swichi mbili ni manne, sharti yapigwe yote manne.

Jinsi Mzee alivyozitambua nyaya zile sitaisahau. Kwanza alikata umeme kwenye mein swichi, akarudi na testa yake, akaijaribu kwanza kwenye sehemu anayojua ina moto upande wa mita ili aone testa yenyewe ni nzima, ndipo akapima nyaya za koridoni. Akatoa balbu zote tatu. Akafungua swichi zote mbili, akazichomoa nyaya, zikabaki tatu zimening'inia mbele na tatu nyuma. Kisha akatoa mfukoni betri mbili kubwa za tochi zilizofungwa pamoja kwa tepu nyeusi, na kibalbu cha tochi kilichochomelewa vipande viwili vya waya. Chombo hicho alikuwa nacho tangu reli, ule mpira wa tepu ulikuwa umeng'aa kwa kushikwa.

Akaniagiza nisimame mbele nizisokote nyaya mbili zozote pamoja. Nikasokota. Yeye kule nyuma akagusa mbili, akagusa mbili nyingine, akagusa tena. Kimya. "Fungua, sokota mbili nyingine." Nikafanya. Kimya tena. Mara ya tatu nikasikia, "Haya, shika hapo hapo." Nikachungulia, nikaona kile kibalbu kinawaka rangi ya chungwa kwenye kiganja chake. Zile mbili nilizozishika ndizo nyaya za kupokezana, na mbili alizozigusa ni ncha zake za pili. Uliobaki kwangu ni wa moto kutoka mein. Uliobaki kwake ni wa taa. Hizo mbili zilizobaki, kila mmoja kwa upande wake, zinaingia COM. Akafunga tepu ya njano kwenye nyaya za kupokezana, mbele na nyuma, kabla ya kuzirudisha. Dakika ishirini, na miezi minne ya malalamiko ikaisha.

Ningeweza kuishia hapo, lakini Mzee alimtazama Mama akasema, "Bibi, wewe unalala katikati. Swichi ya mbele na ya nyuma zote ziko mbali na wewe." Kweli kabisa. Nilikuwa nimeishughulikia milango nikamsahau mwenye nyumba. Ili taa iwashwe sehemu tatu inatakiwa swichi ya aina nyingine pale kati, mafundi huiita intamidieti. Hiyo ina matundu manne. Nyaya mbili za kupokezana zinakatwa katikati, zinaingia kwake upande mmoja na kutoka upande wa pili. Kazi yake ni kuzipitisha kama zilivyo, au kuzipishanisha, wa kwanza akae njia ya wa pili na wa pili akae njia ya wa kwanza. Basi. Ukitaka sehemu nne, unaongeza intamidieti nyingine hapo katikati. Ukitaka tano, nyingine. Za mwanzo na mwisho hubaki tuwei siku zote.

Kuipata ilikuwa kazi. Nilizunguka maduka kadhaa pale Mwanga. Muuzaji mmoja alinitolea tuwei ya kawaida akasisitiza ndiyo hiyo hiyo. Nikaigeuza nyuma kama Mzee alivyonifundisha, nikahesabu matundu: matatu. Nikairudisha. Hii ndiyo njia ya kuitambua, kwa kuwa kwa mbele zinafanana kabisa, hata boksi lake linaweza kukosewa. Mwishowe ndugu yetu aliyeko Dar aliinunua Kariakoo, akaituma kwa basi.

Mahali pa kuiweka nilichagua mwenyewe, na hapa useremala ulinisaidia. Nilimwomba Mama asimame kwenye mlango wa chumba chake usiku, taa zimezimwa, anyooshe mkono bila kufikiri. Mkono ulipogusa ukuta nikaweka alama ya penseli. Ilikuwa mita 1.2 kutoka sakafuni, upande wa komeo, si upande wa bawaba. Swichi ya nyuma ilikuwa imewekwa upande wa bawaba, ukifungua mlango wa uani bawa linaifunika, inabidi ufunge mlango kwanza ndipo uwashe. Sikuigusa, niliuhamisha mlango: nikang'oa bawaba, nikaziba mashimo ya zamani kwa vipande vya mninga, nikaufunga ufungukie upande wa pili. Kuta zetu ni za tofali za udongo, ukizipiga tindo zinamomonyoka hovyo, hivyo nyaya za kushuka kwenye swichi mpya tulizipitisha ndani ya bomba dogo la plastiki juu ya plasta. Si urembo, lakini ukuta umebaki mzima.

Tulipomaliza kuiunganisha tukarudisha umeme, na swichi ya Mama ikatuletea shida mpya. Ikiwa imebofywa chini, kila kitu kilikwenda sawasawa. Ikiwa juu, mbele na nyuma zote zinakufa, hakuna taa. Mzee hakushangaa. Akasema matundu ya intamidieti hayapangwi sawa na watengenezaji wote. Wengine jozi ya kuingia wameiweka juu na ya kutoka chini, wengine kushoto na kulia. Tulikuwa tumechanganya jozi. Swichi ikiwa upande mmoja ilizifunga nyaya mbili za kuingia zenyewe kwa zenyewe, na za kutoka vivyo hivyo, ng'ambo hakuvuki kitu. Tukakata umeme, akaipima ikiwa mkononi kwa kile kibalbu chake, tundu kwa tundu, akachora mistari kwa penseli kwenye mgongo wa swichi, akairudisha. Ikatulia hadi leo. Kwa hiyo swichi ya namna hii ipimwe mkononi kabla ya kuifunga ukutani, hata kama imechorwa.

Kuna jambo jingine lilimtisha Mama. Tulikuwa tumehamia balbu za LED, na usiku baada ya kuzima aliona zinapepesa, kama kimulimuli, kila baada ya sekunde chache. Akadhani kuna kitu kinaungua darini. Nikapeleka testa kwenye ule waya wa kupokezana ambao wakati huo haukupaswa kuwa na umeme, nayo ikawaka hafifu. Nikaogopa zaidi. Mzee akaja na maltimita, chombo cha kupimia umeme, akapima, akaona volti kidogo ambazo zilipotea mara tu alipounganisha balbu ya nyuzi. Nyaya mbili zikitembea pamoja ndani ya bomba moja umbali wote ule, mmoja ukiwa na moto, unaoambatana nao hupata umeme mdogo wa kuambukizwa. Balbu ya nyuzi haiwezi kuwaka kwa umeme huo, ila LED nyingine hukusanya kidogo kidogo hadi zikapepesa. Kwanza alihakikisha swichi zinakata waya wa moto na si nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, kwa sababu swichi ikikata nyutro hali hutokea hivyo hivyo, na hiyo ni hatari ya kweli. Alipoona ni salama alibadilisha balbu moja kati ya tatu akaweka ya aina nyingine, na zote zikatulia.

Sasa niseme la Gungu, mtaa mwingine wa Kigoma, kwa baba mdogo, ambalo lingeweza kuniua.

Alitaka taa ya nje iwashwe sebuleni na pia kule bandani nyuma. Bandani tayari kulikuwa na soketi, maana yake moto na nyutro vipo. Fundi wake, si yule wa kwetu, akaona anaweza kuokoa waya: kila swichi akaiwekea moto upande mmoja na nyutro upande wa pili, kisha waya mmoja wa COM ukatoka kila swichi kwenda kwenye taa, mmoja kila mguu. Taa inawaka na kuzimika sehemu zote mbili. Ukiitazama utasema kazi nzuri.

Balbu iliungua, baba mdogo akaniomba nibadilishe. Taa ilikuwa imezimwa. Nikapanda kwenye stuli, nikaanza kufungua balbu, ilikuwa ya skrubu, kidole kikagusa chuma cha skrubu ilipokuwa ikitoka. Nilirushwa. Nilianguka ubavu juu ya matofali, na mkono uliuma siku mbili. Baba mdogo alipiga kelele, "Mbona nimezima!" Na kweli alikuwa amezima.

Tulipopima baadaye, taa ikiwa imezimwa, miguu yote miwili ya holda ilikuwa na moto. Kwa namna ile, taa huzimika pale swichi zote mbili zinapopeleka kitu kimoja: zote nyutro, au zote moto. Zikipeleka zote nyutro uko salama. Zikipeleka zote moto, balbu haiwaki kwa kuwa hakuna tofauti kati ya miguu yake, lakini holda nzima inakungoja. Na zaidi ya hapo, ndani ya swichi ndogo ile moto na nyutro vinakaa milimita chache kutoka kimoja hadi kingine. Siku chuma chake kikichoka, ni shoti ndani ya ukuta. Mzee aliposikia alinyamaza muda, kisha akasema njia hiyo aliifahamu tangu ujana wake na kwamba bosi wake reli aliikataza kabisa. Nawaomba mnaosoma: fundi akikwambia ataokoa waya kwa kutumia nyutro ya bandani, mkatalie. Waya alioutaka kuuokoa pale Gungu ulikuwa wa mita 15. Tulizivuta, tukaweka pia breka ya kukata umeme unapovuja, ya milliampia 30, na safari hii kazi ilikaguliwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji.

Tangu siku ile sibadilishi balbu yoyote kwa kuamini swichi. Kwa taa hizi za kupokezana hata ukitaka kuamini huwezi, kwa sababu upande wa swichi hausemi lolote. Juu si kuwaka, chini si kuzima. Swichi zetu tatu zina namna nane za kukaa, nne taa inawaka, nne imezimika, na umeme ukikatika hakuna mtu koridoni anayeweza kukuambia taa ipo upande gani. Nakata mein, napima, ndipo napanda.

Mama hilo halimsumbui. Yeye hubofya tu. Nikilala kwake, saa kumi usiku nasikia mlango wake, kisha "tak" moja, mwanga unaingia chini ya mlango wangu, nasikia kandambili zake zinakwenda uani. Akifika kule anabofya ya nyuma, akirudi anaibofya tena kabla ya kuingia, na akishafika chumbani "tak" ya mwisho. Usiku wa giza, wavuvi wakiwa ziwani, nikitoka barazani naziona taa za mitumbwi ya dagaa zimepangana huko majini, na nyuma yangu korido inawaka na kuzimika kwa mkono wake.

Mwezi uliopita ameniambia anataka na jikoni, lile jiko la uani, apate kuzima akiwa huko huko bila kurudi ndani na sufuria mkononi. Itakuwa sehemu ya nne. Intamidieti ya pili nimeshaipokea, nimeipima, ina mistari ya penseli mgongoni. Swichi ya mlango wa uani itageuka intamidieti, na tuwei yake itahamia jikoni pamoja na waya wa taa. Nyaya nimezivuta, za kupokezana zina tepu ya njano kila ncha, ule wa taa una nyekundu. Mzee amesema Jumamosi baada ya adhuhuri atakuja na betri zake.